Mposaji wa Port Said

Kwa miaka mingi nyumba ya Bi Afra pale Church Street, London, nyuma ya Edgware Road, ilikuwa na wageni wawili wa kila Jumapili: Mzee Matar, kaka yake, na mji wa Port Said. Hawakuachana hao. Mzee alikuja kwa treni kutoka Tottenham, akavua koti, akala wali wake na mchuzi wa papa, na chai ilipomiminwa akafumba macho nusu. Hapo watu wote waliomo sebuleni wakajua: haya, kashashuka melini.

"Mji wenyewe haukuwapo," huanza. "Ukanda wa mchanga, basi. Huku bahari ya Mediterania, huku ziwa la chumvi, katikati hata mti hakuna. Wakaja Wafaransa na ramani zao, wakaja wakulima wa Kimisri, maskini wa Mungu, kwa maelfu, kuchimba mfereji, na wote hao hawana pa kulala. Basi lile tope lililochotwa chini likamwagwa kando, likakauka, wakajenga juu yake. Nyumba, misikiti, makanisa, yote juu ya tope!"

"Na maji ya kunywa, mjomba?" angeuliza Miska, binti wa Bi Afra, tangu yuko mdogo, maana alijua pa kumchokoza.

"Kwa mashua, mwanangu, kutoka Damiata. Mji umezungukwa na maji, na maji ya kunywa unaletewa! Ndiyo Port Said hiyo. Kila kitu kimekuja na chombo. Mgiriki anauza mkate, Mmalta anauza kamba, Mwitalia anajenga, Mnubi anapika, na wauzaji wa mashua wanazizunguka meli na mifuko ya ngozi, wanajua kupatana bei kwa lugha zote za dunia na kutukana kwa zote pia. Mfaransa aliyechimba mfereji walimchongea sanamu mlangoni mwa bahari, kanyoosha mkono anakaribisha watu, utadhani kwao. Mwaka ule wa hamsini na sita, Wafaransa na Waingereza walipouvamia mji kisha wakafungasha virago, wenyeji wakaipiga baruti. Mimi nimekuta jiwe la kusimamia tu. Jioni vijana wanakaa hapo wanatafuna mbegu za tikiti."

Halafu ikaja sehemu ambayo kila mtu aliingojea.

"Umekaa mkahawani," Mzee alisema kwa sauti ya chini, "chai yako mkononi, mtu anapiga kinubi chake kidogo pembeni. Mara nyumba ya mwisho ya mtaa inaanza kutembea. Unasema, lo, nimerogwa. Kumbe ni meli inaingia mferejini, ndefu kuliko mtaa, ndefu kuliko msikiti, inapita kimya baina ya nyumba na nyumba. Na abiria wako juu, wamesimama, wanakutazama wewe na kikombe chako."

Nje ya dirisha mvua ya London ingekuwa inanyesha, basi la namba kumi na sita linapiga breki, na sebule nzima inatazama meli. Wallahi hata watoto waliokuwa wakijibu Kiingereza tupu walinyamaza.

Mji ule Matar aliufikia bila kukusudia. Mwisho wa mwaka sitini na tatu alikuwa mtumishi wa meza kwenye meli ya abiria, kijana wa Vikokotoni, Unguja, mwenye shati jeupe, kidole tumbo kikampasukia karibu na Suez. Wakamshusha Port Said, wakampasua, meli ikaenda zake. Kabla hajaweza kusimama wima, redio ya wodini ikatangaza kwamba Unguja serikali imepinduliwa. Aliingia hospitali ana nchi, akatoka hana. Mmalta mmoja, Bwana Zammit, aliyekuwa akiziuzia meli vitunguu, sabuni na kamba, akamwonea huruma, akampa mkokoteni asukume. Akausukuma mpaka vita vya mwaka sitini na saba vilipoufunga mfereji, na hapo tena ndipo akaingia Uingereza.

Hayo ukoo mzima uliyajua. Palikuwa na mengine ambayo Mzee Matar hakumsimulia mtu.

Mwaka 2002, majani ya miti yalipoanza kupukutika, Bi Afra akampigia simu.

"Kaka, umekaa?"

"Nimesimama. Kuna msiba?"

"Kuna kheri. Miska kaletewa posa."

"Alhamdulillahi! Nani huyo aliyejitoa mhanga?"

"Hebu acha utani. Mahir anaitwa, Mmisri. Anapima watu macho kwa yule Mhindu wa miwani hapa barabarani. Kijana ana adabu, kaka. Akiniona tu ananipokea mfuko. Lakini baba yake na mama yake wamekufa, ndugu hana, na mimi sijui hata pa kuanzia."

"Mmisri wa wapi?"

"Ndiyo maana nikakupigia wewe. Wa Port Said."

Matar akavuta kiti, akakaa.

Sasa, kwa watu wa Unguja mwali hatolewi kwa adabu ya kupokea mifuko. Posa ikija hujibiwa, "Tumesikia, tupeni siku," na siku hizo ni za kuulizia. Watu huenda kwa jirani, kwa muuza nyama, msikitini: huyu mwana wa nani, kwao wapi, nani anayewajua? Muulizwa hutakiwa asijue anaulizwa kwa nini, ingawa hujua siku zote. Mwisho wa yote jibu huwa moja katika mawili: wanajulikana, au hawajulikani. Na likishatoka hilo la pili, kijana hata awe malaika, hurudi kwao na halua yake.

Baba yake Miska alikwisha kufariki. Mwenye kuoza alikuwa ami yake, ndugu wa huyo marehemu, Bwana Humud wa Maskati, naye alikata shauri kwa simu kama alivyokata mashauri yote ya nyumba ile. "Mimi Port Said naijua kwa ramani," alisema. "Matar kakaa kule. Aulizie yeye. Akisema wanajulikana, naoza. Akisema hawajulikani, yaishe, wala msinipigie tena."

Kwa hiyo neno moja la Mzee Matar ndilo lililobaki baina ya Miska na harusi yake.

Alipokwisha ambiwa hayo na kushusha simu, Mzee alijiona kwenye kioo cha ukutani anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri. Tuseme wazi: alifurahi, tena hakufurahi kwa kheri. Mji ule, baada ya umri wote huu, umekuja kuomba mtoto kwao, na aliyekaa mlangoni ni yeye.

Ngojeni niwaambie kwa nini.

Katika mitaa ya Waarabu kule Port Said nyumba zilikuwa ndefu, zina roshani za mbao kila ghorofa. Wanawake hawakuhangaika kushuka kila mara kununua kitu. Waliteremsha kikapu kwa kamba, muuzaji akatia vitunguu, kikapu kikapanda. Matar alipita asubuhi na mkokoteni wa Bwana Zammit, na palikuwa na kikapu kimoja cha ghorofa ya pili kilichokuwa kikimshukia kichwani makusudi. Mwenye kikapu aliitwa Nabawiya. Mwaka mzima hawakusemezana zaidi ya bei ya sabuni na habari ya upepo, na mwaka mzima Matar alilala usingizi wa kuelea, kitanda kinakwenda na maji, mji mzima unakwenda, taa zake na roshani zake, polepole kuelekea baharini. Siku nyingine kikapu kilishuka na chungwa lililokwisha menywa. Siku nyingine kilishuka kitupu, kikakaa tu hewani. Naye alikishika kidogo kabla hakijapanda, ili huko juu mtu ausikie uzito wa mkono wake kwenye kamba.

Akaamua kuposa. Haya, aende na nani? Kijana wa Kizanzibari hajiposei mwenyewe, hilo alilijua tangu yuko tumboni. Lakini baba hana, ami hana, hata mtu mmoja wa kusema naye Kiswahili hana. Akamwomba Bwana Zammit. Mzee wa watu akavaa suti, akanunua keki kwa Mgiriki, akapanda ngazi akihema. Baba yake Nabawiya, nahodha wa kivuko cha kwenda Port Fuad, ng'ambo ya mfereji, aliwapa kahawa, akamsikiliza Mmalta mpaka akamaliza, kisha akamgeukia Matar kwa upole. Upole ule ndio uliouma.

"Mwanangu, wewe mtu wa meli. Umeniletea Mkristo akusemee. Nani anayekujua?"

Matar akageuka kumtazama Bwana Zammit, maana hakuwa na jina jingine la kutaja.

"Hujulikani," akasema nahodha. "Nitampaje binti yangu mtu asiyejulikana?"

Kesho yake kikapu hakikushuka, wala kesho kutwa. Matar hakuoa maisha yake yote. Ukoo ulidhani ni uvivu, wakamtania weee mpaka wakachoka, naye akacheka nao.

Basi akatoka kwenda kuulizia, na aliulizia kwa bidii, maana alitaka kukataa kwake kuwe kwa haki, pasiwe na mtu wa kumlaumu. Edgware Road siku ile ilikuwa na ukungu, na moshi wa shisha ulikuwa umeganda mbele ya mikahawa. Alipita wazee wa Kiarabu waliokaa nje na makoti yao, akapita duka la dhahabu, na kadiri alivyokwenda mtaa ukawa unalegea. Madirisha yakaota roshani za mbao. Harufu ya dizeli ikageuka ya makaa ya mawe na samaki wa chumvi. Mtu alikuwa anapiga kinubi mahali, au labda ni redio ya teksi. Kule mwisho, upande wa Marble Arch, kitu kikubwa cheupe kikawa kinapita taratibu nyuma ya ukungu, kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na Mzee Matar wala hakushangaa. Alisimama tu katikati ya njia.

"Umepotea, baba?" mwanamke mmoja mwenye kigari cha mtoto akamwuliza kwa Kiarabu.

"Hapana," akajibu. "Nangoja ipite."

Aliyekuwa akimtafuta ni Wagih, kinyozi, mzaliwa wa Port Said, aliyekuwa na duka la viti viwili mtaa wa pili. Alikaa, akafungwa kitambaa, akangoja mpaka povu limemjaa shavuni, ndipo akauliza kama asiyejali.

"Yule kijana Mahir, wa miwani. Watu wake asili yao wapi?"

Wagih akausimamisha wembe hewani. "Asili? Mtu wa Port Said?" Akacheka mpaka ikabidi auweke wembe mezani. "Bwana, wewe umekaa kule kweli? Ardhi yenyewe haina asili, imechotwa chini ya maji! Babu yangu mimi alishuka melini, na hatujui hata ilikuwa meli gani. Mmoja alikuja kuchimba, mmoja alikuja kubeba makaa, mmoja alimkimbia mkewe. Ukimkuta mtu wa Port Said anakutajia asili yake, shika mfuko wako."

"Hata hivyo watu hujuana."

"Walikuwa wakijuana." Kicheko kikamtoka Wagih usoni. "Baada ya vita mji ulihamishwa wote. Familia zinapakiwa kwenye malori, hawa Damiata, hawa Mansura, wengine wanalala madarasani chini ya ubao. Miaka, bwana. Tuliporudi nyumba nyingine hazipo, majirani wengine hawapo. Huyo kijana mimi namnyoa, namwona mtu mwema. Lakini ukinitaka niape kwamba nawajua watu wake, siapi. Siwajui. Na sidhani kama utampata anayewajua."

Ndilo jibu Mzee Matar alilolitaka, tena kalipata kwa halali. Alishukuru, akatoka na povu kidogo sikioni, na alipofika barabarani ndipo hasira ilipompanda. Babu zao wote wameshuka melini! Mji mzima, mtu kwa mtu, ni watu wa meli, na yule nahodha wa kivuko akathubutu kumwambia yeye, mtoto wa Vikokotoni mwenye babu saba wa kuhesabu, kwamba yeye ndiye mtu wa meli! Alibwata peke yake mpaka kituo cha treni. Watu wakampisha.

"Nitawaambia hawajulikani," alisema kwenye treni, kwa sauti, kwa Kiswahili, na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anasinzia mbele yake akafumbua jicho moja kumtazama.

Alhamisi Miska akaja Tottenham baada ya kazi. Alikuwa mfamasia, msichana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye kucheka upesi. Siku ile hakucheka. Aliweka kontena la sambusa mezani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunihonga?"

"Sambusa tu." Akakaa. "Utasema nini Jumapili?"

"Nitasema nilichokikuta."

"Umekuta nini?"

"Hilo huulizi wewe."

Miska akavuta pumzi. "Mjomba, I could just go to the registry office, nikaolewa kiserikali. Unajua hilo."

"Najua."

"Lakini sitaki. Nataka vigelegele. Nataka mama afurahi, na ami Humud apige kelele kwenye simu, na wewe ukae mbele na kanzu yako." Machozi yalikuwa yameshaanza kumlenga. "Unajua kwa nini nilimsikiliza hata siku ya kwanza? Nilikwenda kupima macho. Nikamwuliza kwao wapi, akasema Port Said. Nikamwambia, aa, kule ambako meli zinapita mwisho wa mtaa. Akaiweka taa yake chini. Yeye kaondoka ana miaka sita, mjomba. Alikuwa anakumbuka nyumba zinatembea, na kila aliyemwambia alimcheka. Akadhani aliota. Mimi ndiye mtu wa kwanza kumwambia hakuota, na mimi nimeyajua kwako."

Mzee Matar akatazama sambusa. Ule mji alikuwa akiutoa bure kila Jumapili, mezani, na mtoto huyu alikuwa ameuokota wote na kuuweka moyoni. Alimpenda Miska kuliko nafsi yake, na hilo halikuizima ile hasira. Vyote viwili vilikaa kifuani mwake pamoja.

"Nitasema kweli, Miska," akasema mwisho. "Siwezi kusema uongo mbele ya watu."

Msichana akainuka, akambusu mkono, akaondoka analia. Sambusa hazikuliwa.

Jumapili baada ya sala ya alasiri wanaume wakakusanyika kwa Bi Afra. Miraji, binamu wa marehemu baba yake Miska, mtu mpole mwenye kupenda mambo yaende kwa taratibu, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa mwali. Wazee wawili wa msikitini walikaa naye chini ya dirisha, pamoja na Mzee Matar. Simu ilikuwa mezani, kipaza sauti kimefunguliwa, na Bwana Humud anakohoa kutoka Maskati. Wanawake walikuwa chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo: Bi Afra, Miska mwenyewe, na jirani yao Kijakazi, aliyealikwa kwa ajili ya vigelegele vyake. Upande wa pili wa zulia, karibu na mlango, paliachwa nafasi kubwa ya wajumbe wa mposaji.

Kengele ikalia. Akaingia mtu mmoja.

Alikuwa Yogesh, mwenye duka la miwani. Mzaliwa wa Mombasa, Mhindu, suti yake ilimbana tumboni tangu zama, na alikuwa anahema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Mikononi alikumbatia boksi la vitamutamu lililofungwa utepe. Alitazama ile nafasi yote iliyoachwa kwa ajili ya watu, akakaa katikati yake peke yake, akaliweka boksi magotini.

"Hamjambo, wazee. Niwieni radhi nimechelewa, ngazi zenu zitaniua." Hakuna aliyecheka. Akanyoosha utepe wa boksi. "Mimi si Mwislamu, mwajua. Mambo haya siyajui. Kijana ameniomba mimi kwa kuwa hana mtu mwingine. Amekaa kwangu miaka minne. Wazee wakija hawaoni vizuri, yeye huwavusha barabara mpaka kituo cha basi, kisha hurudi kazini mbio. Sasa mimi niseme nini tena? Ni kijana mzuri. Nimekuja kumwombea."

Miraji akainamisha kichwa kwa upole. "Karibu sana, Bwana Yogesh. Tumekusikia. Lakini haya mambo yana watu wake, utatusamehe. Na Mzee Matar ndiye aliyeulizia."

Mzee Matar alikuwa haisikii sebule. Alikuwa anamtazama yule mtu mnene mwenye jasho, na boksi lake, na viatu vilivyopigwa rangi kwa ajili ya siku hii. Aliona ngazi za Port Said. Aliona mgongo wa Bwana Zammit unapanda mbele yake, suti imelowa kwapani, keki zimeshikwa kwa mikono miwili zisimwagike. Katika miaka yote hiyo ya kumlaani nahodha hakuwahi kukaa akamfikiria Mmalta yule, mtu aliyekubali kudhalilika kwenye nyumba ya watu kwa ajili ya kijana ambaye hakuwa hata wa dini yake. Machozi yalimjia ghafla, akayarudisha.

"Matar!" simu ikaunguruma. "Wanajulikana?"

Chumba kizima kikamgeukia.

"Hawajulikani," akasema Mzee Matar.

Chumbani kitu kikaanguka, na sauti ya Bi Afra ikasikika, "Ya Allah!" Yogesh akatazama chini. Miraji akashusha pumzi.

"Basi," akasema Humud, "yaish—"

"Sijamaliza, Humud. Ngoja."

Mzee akashika ukingo wa dirisha, akainuka. Magoti yakalia. Akavuka zulia lote mbele ya macho ya wazee, akafika upande wa mlangoni.

"Sogea kidogo, bwana," akamwambia Yogesh, akakaa naye bega kwa bega.

Miraji alitoa macho. "Mzee Matar, unakwenda wapi? Sisi tuko huku."

"Nakuoneni mko huko. Mimi niko hapa."

"Wewe si mjomba wa mwali?"

"Mjomba wa mwali kashamaliza kazi yake. Kaulizia, hakumpata mtu wa kuwajua, na kasema kweli yake mbele yenu. Sasa ni zamu ya huyu kijana, na huyu kijana hana mzee. Basi mimi ndiye mzee wake, tangu sasa hivi. Mji wake nimekaa. Chakula chao nimekula. Walinipasua tumbo, wakanishona, nikapona. Mahir akikosa adabu, njooni Tottenham mnigongee mimi. Akimliza Miska, nishikeni mimi kanzu." Akawageukia wazee chini ya dirisha. "Mimi mnanijua?"

"Tunakujua," akasema Miraji polepole.

"Mwana wa nani?"

"Mwana wa Bwana Juma Khelef wa Vikokotoni. Nani asiyekujua?"

"Basi mtu wake anajulikana."

Wale wazee wawili wakatazamana. Simuni palikuwa na mchakacho mtupu, kisha Humud akaguna, na mguno ukageuka kicheko kikavu.

"Nimeoza watoto wangapi mimi, sijapata kuona mtu kuhama upande! Haya. Ikiwa wewe ndiye mtu wake, posa. Posa kama watu wanavyoposa, nikusikie."

Mzee Matar akaweka mikono magotini. Maneno yenyewe aliyajua tangu ujana. Aliwahi kuyakariri usiku kucha, kwa Kiarabu, kitandani nyuma ya ghala la Bwana Zammit, na asubuhi yake mtu mwingine akayasema badala yake.

"Bwana Humud, nanyi wazee mliopo. Nimekuja kwenu na haja, na mwenye haja haoni haya. Nakuombeni binti yenu..." Hapo jina likamjia mdomoni, na halikuwa la Miska. Akafunga midomo, akalimeza. Yogesh akamtazama kwa wasiwasi. "Nakuombeni binti yenu Miska, kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, kwa mwanangu Mahir."

"Tumekubali," akasema Humud. "Mungu atie kheri."

Kijakazi akavipasua vigelegele chumbani, Bi Afra akavipokea, na Miska akasikika anacheka na kulia kwa pamoja. Miraji akaanza kupeana mikono na wenziwe. Mzee Matar tu ndiye hakujitingisha. Aliinama kwenye simu, mkono nyuma ya sikio.

"Umesemaje?"

"Tumekubali, Matar. Husikii?"

"Sema tena."

Humud akadhani laini ni mbaya. Akapaza sauti kutoka Maskati mpaka glasi za chai zikalia kwenye sinia. "Nasema tumekubali! Tu-me-ku-ba-li!"

Ndipo Mzee Matar alipofunika uso kwa viganja akalia, mabega yanamwenda, mbele ya wanaume. Bi Afra alichungulia mlangoni akamwuliza kaka yake analia nini na jambo lenyewe ni la kheri. Yogesh alifungua boksi, akachagua ladu kubwa kuliko zote, akamtilia mkononi.